Koki Iliyoachwa Wazi

Mtaani kwao hapakuwa na mtu aliyefunga koki. Si kwamba hawakujua kuifunga. Maji ya mtaa ule yalikuwa na tabia ya mgeni asiye na adabu: hayapigi hodi, hayasemi yatakaa mpaka lini, na yakiondoka hayaagi. Wiki moja yangekuja Jumanne mchana, wiki nyingine Ijumaa alfajiri, na wiki ya tatu yasionekane kabisa. Kwa hiyo kila nyumba iliacha koki wazi na ndoo chini yake. Maji yakija ndoo tupu hulia, na mwenye nyumba hukurupuka popote alipo, hata awe chooni, akapaza sauti, "Yamekuja!" Hapo mtaa mzima hugeuka uwanja wa vita.

Mama Pacha alikuwa askari mkongwe wa vita hivyo. Aliwafundisha binti zake wawili kwamba bomba likikohoa mara mbili ni hewa tu, lala. Likikohoa mara tatu, inuka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na ishirini na minne kati ya hiyo alikuwa amebeba ndoo. Alianza siku alipotolewa shule akiwa darasa la nne, kwa sababu kaka yake alihitaji sare mpya na nyumbani wakaona mmoja anatosha kusoma. Kaka akaendelea na masomo, yeye akapewa ndoo. Hakuna aliyemwuliza. Siku hizo msichana hakuulizwa, aliambiwa, na zipo nyumba ambako mpaka leo mambo ni yale yale, tusidanganyane.

Alipoolewa alianza kufulia watu nguo. Alifua mashuka ya watu ambao hakujua nyuso zao, akakamua, akaanika, akakunja, miaka kumi na minne. Pacha wake walipofika darasa la tano, siku moja walimletea daftari awasaidie hesabu. Akautazama ule ukurasa, nao ukamtazama. Watoto walikuwa wamempita. Hawakumcheka, wala hawakusema neno, walilichukua tu daftari lao taratibu wakaenda kumwuliza jirani, na hilo ndilo lililomuuma.

Wiki ile ile alikwenda kwenye shule ya ufundi ya wanawake iliyofunguliwa ndani ya ghala la zamani la nafaka. Alikwenda akitaka kujifunza kushona, maana mwanamke akitaka ufundi kila mtu humwonyesha cherehani. Mwalimu aliyempokea alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya chuma, fundi bomba wa miaka mingi, na wanafunzi walimwita Mwalimu Spana.

"Darasa la kushona limejaa," Mwalimu Spana alisema. "Limebaki la bomba. Maji unayajua?"

"Yananijua mimi," Mama Pacha alijibu.

Kasheshe ilikuwa nyumbani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, mwenye banda lake nje ya nyumba. Mkewe alipomwambia ameandikishwa kujifunza ufundi, aliuliza bila kuinua macho, "Kushona?" Aliposikia "bomba," sindano ilimchoma kidole. Wateja walimtania wiki nzima. "Mkeo akifunga mabomba, wewe shoga yangu utafanya nini?" mmoja alimwuliza mbele ya watu. Akajibu, "Nitamshonea ovaroli." Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Jumapili alimpima mkewe mabega na kiuno, na Jumatatu Mama Pacha alikwenda shule na ovaroli ya bluu yenye mifuko sita, na wa saba wa penseli.

Alisoma mwaka mzima. Asubuhi alikata mabomba, akachonga nyuzi za kuungia kwenye ncha zake, akazungushia utepe mweupe na kukaza. Alasiri walikaa kwenye madawati kusoma, kuandika na kuhesabu. Robo tatu ya inchi ilimliza machozi ya kweli, mpaka Mwalimu Spana alipomkatia vipande vinne vya bomba akamwekea vitatu mkononi. Tangu siku hiyo sehemu na desimali hazikumpa shida tena, na pacha wakaanza kumletea madaftari yao wenyewe bila kuitwa.

Tatizo lilikuja mwishoni. Ili kupata cheti, kila mwanafunzi alipaswa kufanya kazi wiki sita mahali panapojengwa, na msimamizi wa pale aandike maoni yake na kutia sahihi kwenye kitabu cha mazoezi. Wanafunzi wa bomba walikuwa tisa. Mwalimu Spana alizunguka mji mzima na karatasi zake. Wasimamizi wengine walimsikiliza wakiwa wamemgeuzia mgongo, wengine walimwambia hawana choo cha wanawake, na mmoja alimwuliza kama hao mafundi wake wanajua pia kupika. Mwisho wa mwezi alikuwa amepata mahali pamoja tu, kwa msimamizi mmoja aliyeitwa Bwana Pimamaji.

Bwana Pimamaji alipata jina hilo kwa sababu hakutembea bila kipimamaji chake kwapani, kile chenye kiputo kinachosema kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Alikuwa fundi bomba kabla hajawa msimamizi, na alikuwa fundi kweli. Wakati huo alikuwa akijenga jengo la orofa tatu, nyumba nne chini, nne katikati na nne juu. Alimpokea Mama Pacha getini, akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha akamgeukia mwalimu.

"Namchukua huyu mmoja," alisema. "Wiki sita. Akifanya vizuri, niletee hao wengine. Akiharibu, usinirudie tena na makaratasi yako."

Mama Pacha alisikia kila neno. Wenzake wanane walikuwa wamekaa ghalani wakingoja habari. Kulikuwa na mjane mwenye watoto watano, kulikuwa na msichana aliyekimbia ndoa ya lazima, kulikuwa na mwingine mrefu kama nguzo ambaye wote walimwita Mrefu, na ambaye alikata bomba kwa usahihi kuliko hata mwalimu. Wote hao waliingia naye getini asubuhi ile, ingawa hawakuonekana.

Alifanya kazi. Wiki ya kwanza alipewa kubeba mabomba, wiki ya pili kuyashikilia, wiki ya tatu Bwana Pimamaji akaachwa na fundi mmoja aliyepata kazi kwingine, ikabidi ampe Mama Pacha orofa yote ya katikati. Hakumpongeza hata siku moja. Alipita nyuma yake, akaweka kipimamaji juu ya bomba, akatazama kiputo, akaguna, akaenda zake. Alimwita "dada wa shule." Mama Pacha alijifunza kuisoma ile miguno: mfupi maana yake sawa, mrefu maana yake rudia. Kufikia wiki ya sita ilikuwa mifupi mitupu.

Jumatatu ya wiki ya sita, jengo liliunganishwa na bomba la mjini. Bwana Pimamaji alifungua koki kuu mchana ili maji yakija yajaze tangi la juu. Hayakuja. Ilipofika saa kumi na moja jioni Mama Pacha alikuwa kwenye jiko la mwisho la orofa ya katikati, akiweka koki ya chini, ile ya ukutani ya kuchotea maji. Alipomaliza aliifungua aone. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akakusanya spana zake, akaifuta ovaroli vumbi, akaenda nyumbani akiwa na furaha, akiwaza cheti.

Asubuhi alisikia kelele kabla hajafika getini.

Maji yalikuja usiku. Yalijaza tangi la juu, kisha yakatafuta njia nyingine, na njia ilikuwa ile koki ya jikoni. Yalifurika jiko, yakapita kwenye tundu lililopitishiwa bomba sakafuni, yakashukia dari ya nyumba ya chini, iliyopakwa rangi juzi yake. Dari ilivimba, ikapasuka, kipande kikubwa kama kitanda kikalala sakafuni kimelowa. Fundi mpaka rangi alikuwa katikati ya chumba, mikono kichwani, akitukana kila aliyewahi kuzaliwa.

"Na ndoo yangu!" alipiga kelele. "Nani kachukua ndoo yangu ya rangi?"

Bwana Pimamaji alikuwa ameshaiona. Alimwongoza kila mtu juu, akaonyesha kwa kidole. Pale jikoni, chini ya koki iliyo wazi, ilikaa ndoo ya rangi, imejaa maji mpaka ukingoni, tena imewekwa vizuri, katikati kabisa.

"Hii si ajali," alisema. "Mtu alipanda hapa kuchota maji. Na usiku hapa alikuwepo mtu mmoja tu."

Wote wakamgeukia mlinzi. Alikuwa mzee mwembamba ambaye walimwita Babu Tochi, kwa sababu alitembea na tochi hata jua linapowaka. Bwana Pimamaji akamwambia baada ya chai akusanye vitu vyake.

Mama Pacha alisimama nyuma ya watu. Aliitazama ile ndoo. Hakukumbuka kuiweka, na hilo ndilo lilimtisha, maana aliujua mkono ulioiweka. Nani mwingine duniani angeona koki kavu, akaiacha wazi, akatafuta ndoo, akaitegesha katikati kabisa, kisha akaondoka bila hata kujua amefanya nini? Yeye ndiye alifanya hivyo kila siku ya maisha yake, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Jasiri haachi asili.

Alishika dekio, akaanza kukausha. Alijiambia atasema, kisha akajiambia asubiri kidogo. Akawafikiria wale wanane. Akisema, si yeye tu anayeanguka, anawaangukia na wao. Mlinzi ni mmoja, wao ni wanane, na Babu mtu mzima, labda atapata lindo kwingine. Hesabu ile ilikaa vizuri kichwani lakini moyoni ilikataa katakata. Alideki kwa nguvu mpaka mpini ukalia.

Saa nne watu wakakaa juu ya matofali kunywa chai. Babu Tochi hakunywa. Alikuwa akikunja blanketi lake kwenye kiroba, polepole, kona kwa kona. Mama Pacha alipompita, mzee alimwita kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, huenda ni mimi kweli," alisema. "Sikumbuki kupanda ngazi. Lakini uzee nao una mambo yake, na ndoo haikupanda yenyewe."

Mama Pacha alihisi aibu kali kuliko aibu yoyote aliyowahi kuionja. Mzee asiye na kosa alikuwa ameanza kuliamini kosa. Akaweka kikombe chini, akaenda moja kwa moja mpaka alipokaa Bwana Pimamaji.

"Mzee, ndoo niliiweka mimi."

"Unasemaje?"

"Koki niliifungua mimi jana jioni. Ilikuwa kavu. Nikaiacha wazi, nikaweka ndoo chini, nikaenda nyumbani. Babu hajapanda ngazi hata moja."

Vikombe vyote vilisimama hewani. Bwana Pimamaji alimtazama, na sura yake haikuwa ya hasira bado, ilikuwa ya mtu ambaye kweli hajaelewa.

"Fundi bomba anaacha koki wazi? Kwa nini?"

"Mkono ulikwenda wenyewe, mzee. Kwetu koki haifungwi. Ukiifunga, maji yatakuja na kuondoka hujui."

"Kwenu wapi huko?"

Hapo mpaka rangi, aliyekuwa akilaani tangu alfajiri, akatoa kicheko bila kutaka. "Hata kwangu," alisema. "Sasa hivi iko wazi, na ndoo chini."

"Na kwangu," Babu Tochi alisema.

"Kwangu tunaweka beseni," akaongeza mbeba zege mmoja. "Ndoo iliibwa."

Wakaanza kusimuliana vita vya mitaani kwao, nani aliwahi, nani alilala akakosa, nani alifurika mpaka godoro likaelea. Bwana Pimamaji aliwatazama mmoja mmoja kama watu waliomwambia kwamba wao hulala wima. Yeye aliishi upande wa mji ambako ukifungua koki maji yanatoka, ukiifunga yanangoja. Hakuwahi kusubiri maji hata siku moja.

"Basi!" alisema, na kicheko kikakatika. "Maji yakishamwagika hayazoleki. Babu, rudisha blanketi lako. Wewe dada wa shule, chukua vifaa vyako uende. Kitabu chako nitampelekea mwalimu wako mimi mwenyewe."

Kumpelekea kikiwa kitupu, ndiyo maana yake. Mama Pacha alikusanya spana zake. Moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye ya nne hasira ikampanda, si ya kufukuzwa, maana hiyo alistahili, bali nyingine aliyokuwa hajaipa jina. Akageuka.

"Mzee, nikuulize kitu kimoja. Humu watahamia akina nani?"

"Watu wa kiwandani. Wauza sokoni. Familia kutoka mitaa ya huko nyuma."

"Mitaa ya huko nyuma ndiko kwetu," Mama Pacha alisema. "Tangi lako likikauka siku moja tu, wote watafungua koki na kuweka ndoo. Nyumba kumi na mbili, mzee. Mimi naondoka leo, lakini wao watakaa humu kila siku. Na jikoni hakuna tundu la kutolea maji sakafuni. Bafuni umeweka, jikoni hakuna. Aliyechora ramani hii hajawahi kusubiri maji."

Bwana Pimamaji alinyoosha mkono kuelekea geti. Mama Pacha akaenda.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda shule, kwa sababu habari mbaya ikichelewa huoza. Aliwakuta wote wanane wakichonga nyuzi, na Mwalimu Spana akipita katikati yao. Akasimulia yote, hakuacha hata ndoo. Hakuna aliyemlaumu. Mrefu alimtazama mara moja, akarudi kukaza bomba lake ambalo tayari lilikuwa limekazwa. Afadhali angetukanwa.

"Dari umeitengeneza?" Mwalimu Spana aliuliza.

"Amenifukuza, mwalimu."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza dari."

"Bado."

"Fundi akiharibu, anatengeneza kwanza. Kufukuzwa kunakuja baadaye. Kesho saa moja uwe kule."

Jioni alimwambia mumewe, akilia kama mtoto, maana kwa mumewe hakuwa na sababu ya kujikaza. Alilia kwa ajili ya wale wanane, na alilia kwa ajili ya ile miaka ishirini na minne ya ndoo, ambayo alidhani ameitoka, kumbe ilikuwa imemkalia mkononi. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ulisema mwenyewe?" aliuliza.

"Nilisema mwenyewe."

"Basi vua hiyo ovaroli niifue. Huwezi kurudi kazini na chokaa ya dari magotini."

Miaka kumi na minne alifulia mji mzima, na ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumfulia yeye. Aliivua, akampa.

Asubuhi yake Babu Tochi alifungua geti kabla Mama Pacha hajabisha.

"Pita, mwanangu. Yuko juu tangu saa kumi na mbili," alinong'ona. "Na amelowa."

Alimkuta Bwana Pimamaji kwenye lile jiko la mwisho, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, ndoo mbili tupu pembeni. Alikuwa amemwaga maji sakafuni na sasa alikuwa ameinama akiyatazama yanakokwenda. Hayakuelekea mlangoni wala ukutani. Yalijikusanya kwenye tundu la bomba, yakazama kwa sauti ndogo kuelekea nyumba ya chini.

"Nimejaribu majiko manne," alisema bila kugeuka. "Yote hivi hivi."

Mama Pacha aliweka vifaa vyake chini, akainama naye kutazama. Kuna ushindi ambao ukiutangaza unauharibu.

"Bomba la maji machafu la sinki linapita wapi hapa?" Bwana Pimamaji aliuliza, ingawa alijua.

"Nyuma ya ukuta huu. Tukitoboa kwenye kona tutaliunga kwa kiungo kimoja. Ni kutoa kigae kimoja tu na kuipa sakafu mteremko kidogo. Na juu bado hamjaweka vigae, kule ni rahisi zaidi."

Aliguna. Mguno ulikuwa mfupi.

"Usisimame hapo basi, kama sanamu. Leta patasi."

Walifanya kazi siku tatu, na Mama Pacha hakukumbuka kama aliwahi kuchoka namna ile. Walitoboa, wakaunga, wakapiga saruji, wakamwaga maji kila jiko kuona yanavyokwenda, na maji yakaenda yalikoambiwa. Kati ya jiko na jiko alishuka kumsaidia mpaka rangi kurudisha dari. Alishikilia mbao juu ya kichwa mpaka shingo ikaganda, naye mpaka rangi akampa darasa la matusi ambalo hakulipata shuleni. Siku ya pili mwenye jengo alipiga simu. Mama Pacha alimsikia Bwana Pimamaji akisema kwa sauti kubwa ya kujiamini, "Ndiyo, nimeona kasoro kwenye ramani. Nimeongeza matundu jikoni. Ndiyo, mimi mwenyewe." Mama Pacha akapiga patasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lo, wanaume! Lakini akaendelea na kazi, kwa sababu tundu la maji halijali limebuniwa na nani.

Ijumaa jioni Bwana Pimamaji alimpa kitabu chake cha mazoezi kikiwa kimefungwa, akasema, "Haya, dada," akaondoka na kipimamaji chake kwapani. Mama Pacha alisubiri mpaka afike nje ya geti. Akasimama pembeni ya ukuta, akakifungua, akasoma mwenyewe, neno baada ya neno, kidole kikifuata mstari.

"Aliacha koki wazi na dari ikaharibika. Alisema mwenyewe, ingawa hakuna aliyemshuku. Alinionyesha kosa la ramani ambalo mimi sikuliona. Ni fundi. Alete wenzake wawili Jumatatu."

Chini kulikuwa na sahihi. Alisoma tena pale palipoandikwa "mimi sikuliona." Kwa mwenye jengo mtu yule hakuweza kulisema, lakini hapa, mahali ambapo hakuna aliyemlazimisha, alikuwa ameliandika kwa wino. Mama Pacha alicheka peke yake barabarani, machozi yakimtoka, na wapita njia wakamkwepa.

Jumatatu hakuleta wawili. Alileta watatu, maana aliyetaka watu wawili kamili angeandika kwa herufi kubwa. Mjane alikuwepo, msichana aliyekimbia ndoa alikuwepo, na Mrefu alisimama nyuma yao akijaribu kuonekana mfupi. Bwana Pimamaji alitoka, akahesabu, akamtazama Mama Pacha, naye Mama Pacha akatazama juu kama anayekagua mawingu.

"Spana mnajua kushika?" Bwana Pimamaji aliwauliza.

"Tunajua, mzee," walijibu pamoja.

"Hilo mwalimu wenu ameshaniambia. Nina swali jingine." Alishusha kipimamaji kutoka kwapani, akakishika kwa mikono miwili kama mtu asiyejua akiweke wapi. "Kwenu maji hutoka lini?"

Wakatazamana. Swali kama hilo hakuna aliyewahi kuwauliza mahali pa kazi. Kwa kawaida lilikuwa jambo la kuficha.

"Alhamisi, mzee," mjane alisema. "Lakini si kila Alhamisi."

"Kwetu usiku, tukishalala," alisema msichana.

Mrefu alijikohoza. "Kwetu yanatoka yakijisikia."

Bwana Pimamaji aliguna, mguno ambao hata Mama Pacha hakuwahi kuusikia, mfupi na mrefu kwa pamoja.

"Ingieni," alisema. "Wote watatu. Tuna jengo jingine linaanza mwezi ujao, na ramani yake nataka muitazame kabla sijamwaga zege."